Mkono Uliofunga Matawi

Neno lilikuwapo kabla hajaliandika.

Mwandishi wa programu alikuwa ameacha pengo makusudi, kama alivyozoea enzi zile mkewe alipokuwa akiketi meza ya pili. Yeye aliandika matawi ya switch, amri inayochagua njia moja kati ya kadhaa. Mkewe alipita nyuma yake akifunga kila tawi kwa break, amri inayoizuia mashine kuteleza hadi tawi linalofuata. Mke alikuwa amefariki akijifungua. Pengo lilikuwa limejazwa, na chumba kilinukia mafuta yake ya karafuu.

Mgane hakuogopa. Aliacha pengo jingine, na jingine.

Programu hiyo iliendesha pampu za dawa katika wodi alimolazwa binti yao mchanga. Adhuhuri, shemeji yake, muuguzi wa wodi hiyo, aliingia akafunga mlango taratibu.

"Shemeji, tumejaribu pampu. Imetoa dozi ya kichanga, kisha ikaongeza na ya mtu mzima. Bahati dawa iliingia kwenye ndoo, si mwilini mwa mtu. Jioni wanamfungia mwanao pampu hiyo."

Alitazama. Tawi la kichanga halikuwa na break. Akaiandika. Ikafutika, herufi moja moja, kutoka mwisho.

"Ni yeye," alinong'ona. "Ananitania."

"Dada alikusema kwa uvivu wako mpaka majirani wakajua. Lakini alikuwa anaweka. Huyu anafuta." Sauti ya muuguzi ilishuka. "Na anafuta la kichanga wako tu. Wewe ndiye unayemwachia nafasi."

Mgane alirudi juu kabisa ya programu, akaanza kuyafunga mapengo yote kwa mkono wake, na kadiri alivyoshuka ndivyo karafuu ilivyogeuka harufu ya nywele zinazoungua, na kitu baridi kikamshika kifundo cha mkono, na sauti ya mkewe ikamwomba sikioni amwachie moja, moja tu, naye akaandika huku machozi yakimdondoka, hadi break ya kichanga ikabaki mahali pake.

Sauti na harufu vikakatika.

"Nenda salama, mama watoto," alisema, hata hivyo.

Jioni pampu ilitoa dozi moja, ikakoma. Muuguzi alipumua. Mgane akainama kumbusu binti yake, akasita. Utosi wa mtoto uling'aa, ukinukia karafuu.

"Nani amempaka mafuta?"

Muuguzi aliinama, akanusa.

"Humu hatuwapaki, shemeji."