Mlango wa Kanisa kwenye Postikadi

Jana mlango wa kanisa ulikuwa umefungwa. Leo ulikuwa wazi kidogo.

Fundi wa fremu alifikicha macho. Ilikuwa postikadi ya kanisa la kale la Wamoraviani, alikobatizwa bibi yake, na miaka nenda rudi ilitundikwa ikiwa imetazama ukuta. Yeye, ambaye kazi yake ni picha, hakuvumilia kuiona imempa kisogo. Jana aliitia fremu mpya na kioo, akaigeuza.

“Irudishe, mwanangu,” mama alimwambia kutoka kitandani. “Bibi yako alisema humo ndani mna jini. Huwasikia waliochoka.”

“Mama nawe. Jini kanisani?”

Lakini kuchoka alikuwa amechoka kweli. Tangu mama apooze, kila fundi, binti yake, alipokaa tu aliitwa: “Mwanangu, ubavu umeniuma.” Aliinuka, akamgeuza, akarudi kwenye misumari na gundi. Alimpenda mno, ila mwili ulikuwa hoi. Jana ndipo ulipomponyoka ule mnong’ono: “Laiti angetokea wa kunipokea mzigo huu.”

Alasiri chumba kilinuka nta ya mishumaa, na nyumba nzima haikuwa na mshumaa.

“Nani amenishika miguu?” mama aliuliza kwa sauti ya chini.

“Hakuna mtu, mama.”

“Ana mikono ya baridi. Igeuze ile picha.”

“Nikimaliza fremu hii.”

Akalaza kichwa mezani, kidogo tu, na katika usingizi akasikia bawaba zikilia, kisha nyayo zikipita nyuma ya kiti chake kuelekea kitandani, kisha zikirudi zikiwa nzito kama za mtu aliyebeba, na alitaka kuinuka, Mungu anajua alitaka, lakini usingizi ulikuwa mtamu, na siku nyingi hakuwa ameuonja.

Aliamka mwepesi. Hakuna aliyemwita. Kitanda kilikuwa kitupu, kimetandikwa, shuka limenyooka, limepoa. Kwenye postikadi mlango ulikuwa umefungwa.

Aliigeuza picha itazame ukuta kama alivyoagizwa, akaketi kitandani, akalia.

“Mwanangu,” ikasema sauti nyuma ya fremu. “Ubavu umeniuma.”

Ilikuwa sauti ya mama, ila haikuwa na uchovu hata chembe. Fundi alilijua hilo. Akaipangusa mikono yake kwenye gauni, akainuka kwenda ukutani kumgeuza.