Kope la Shangazi na Kipimajoto cha Nyaya

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Nyaya aliingia chumba cha nyuma kugeuza mayai. Yalikuwa arobaini na mawili, yamepangwa ndani ya sanduku la mbao lililopashwa joto kwa taa za umeme. Kila yai lilikuwa na alama za mkaa, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili. Asubuhi misalaba ilitazama juu, jioni maduara. Shangazi yake hakutaka mchezo na kazi hiyo.

Angetakaje mchezo? Juma lililopita kicheche alipenya bandani akaua kuku wote, hadi jogoo. Kuku hao Shangazi aliachiwa na mama yake, na kizazi chao hakikuwahi kukatika. Sasa kilichobaki ni mayai yaliyokuwa kwenye trei jikoni.

"Yakiharibika haya, mwanangu, ndiyo basi tena," alisema, akaanza kuyapanga sandukuni.

Kipimajoto cha zamani kilikuwa kimevunjika. Ndipo Nyaya, aliyebandikwa jina hilo kwa sababu mifuko yake haikukosa vipande vya waya, akajitwika kazi ya kutengeneza kingine. Katika klabu ya sayansi shuleni aliunganisha kihisi cha joto, kioo cha kuonyesha namba, na kidhibiti kidogo, yaani kompyuta yenye ukubwa wa kiberiti. Programu ya kukiendesha aliinakili kwa rafiki yake, Mrefu.

"Umekipima kwenye barafu?" Mwalimu wa klabu alimuuliza. "Barafu inayoyeyuka ni sifuri. Kisiposoma sifuri, kinatudanganya."

"Nimekipima, Mwalimu."

Hakuwa amekipima. Barafu ya siku ile ilikuwa imekwisha, na alitaka awe wa kwanza darasani kupeleka kifaa chake nyumbani. Neno moja tu lilimtoka, tena kwa wepesi, kama mtu anayeitikia salamu.

Siku ya tano tangu mayai yaingie sandukuni, Shangazi alichukua yai moja, akafumba jicho na kuligusisha kwenye kope. Hivyo ndivyo mama yake alivyomfundisha kupima joto la yai.

"Mbona kama limepoa?"

"Kioo kinasema thelathini na saba na nusu, joto lile lile linalotakiwa, Shangazi."

"Basi kope langu limezeeka." Akacheka, akalirudisha yai. "Mashine ya mwanangu haiwezi kusema uongo."

Nyaya alijaribu kucheka naye. Kicheko hakikutoka.

Siku ya nane, kwenye klabu, Mrefu alikuwa akitumbukiza kihisi chake ndani ya kikombe cha barafu.

"Sifuri! Mnaona, enyi mafundi wa mdomo? Nyaya, ile namba ya kihisi kwenye programu uliibadilisha, sivyo? Kihisi chako si cha aina moja na changu."

"Namba gani?"

Mrefu akaacha kucheka. "Nyaya! Usiniambie!"

Nyaya aliomba barafu, akaitia kwenye chupa ya chai na kukimbia nyumbani bila kupumzika. Alichomoa kihisi sandukuni, akakizamisha kwenye barafu, akasubiri. Namba zilishuka, zikashuka, kisha zikasimama.

Tatu.

Kwa hiyo thelathini na saba na nusu ilikuwa thelathini na nne na nusu. Siku nane mayai yalikuwa yakipigwa baridi! Nyaya akaketi sakafuni. Angeweza kurekebisha namba kimyakimya, awashe taa moja zaidi, na mayai yakifa lawama iwe juu ya umeme. Nani angejua? Lakini alikumbuka lile jicho lililofumbwa, na kicheko cha mtu aliyejishuku mwenyewe ili asimshuku mtoto wake. Akalia hadi kwikwi zikamshika.

Shangazi alimkuta hapo.

"Kope lako lilikuwa sahihi," Nyaya alisema. "Sikukipima. Nilimdanganya Mwalimu, nikakudanganya na wewe. Nimeyaua, Shangazi."

Shangazi alishika ukingo wa sanduku kwa mikono yote miwili, hata Nyaya akatamani bora angepigwa. Kisha Shangazi akasema kwa sauti kavu, "Washa taa ya tatu. Leta tochi."

Walifunga madirisha, wakamulika yai baada ya yai. Lililo hai huonyesha vishipa vyekundu kama mizizi myembamba. Lililokufa huwa na utepe wa damu uliotulia, basi. Walitenga ishirini na saba. Yakabaki kumi na matano.

Siku ya ishirini na moja, siku ya kutotolewa, hakukuwa na hata ufa. Siku ya ishirini na mbili, kimya. Nyaya aliweka sikio kwenye mbao, akasikia moyo wake tu. Siku ya ishirini na tatu, Shangazi alianza kukunja matambara yaliyofunika sanduku bila kumtazama.

"Tungoje hadi jioni tu, Shangazi. Tafadhali."

Saa tisa alasiri, jikoni, walisikia mlio mwembamba kama msumari unaokwaruza sahani. Waligongana mlangoni. Yai moja lilikuwa limetoboka katikati ya msalaba wa mkaa, na ndani yake mdomo mdogo ulikuwa ukihema.

Kufikia kesho yake walitoka tisa.

Shangazi aliweka kifaranga chenye unyevu kwenye kiganja cha Nyaya.

"Kukosea hesabu hakukuniumiza, mwanangu. Hata mimi nimeharibu mayai mengi nikijifunza. Kilichoniumiza ni kwamba yai liliniambia ukweli kopeni, nikalikataa, kwa sababu niliamini neno lako kuliko jicho langu. Mtu akikuamini hivyo, usimpe neno ambalo hujalipima."

"Sitarudia, Shangazi."

"Najua. Hawa tisa wako hai kwa sababu ulisema siku ya nane, hukungoja ya ishirini na moja. Haya, nenda kamwambie na Mwalimu wako. Kisha urudi na barafu, tukipime tena, na safari hii nitazame mwenyewe."