Halumi ya Siku za Mfungo

Myrofora alikuwa ameshateremka ghorofa mbili. Mkono wa kulia ana begi la nguo, kwapani kabana kikaangio cha hewa, na waya wake unamfuata nyuma ukigonga kila ngazi. Lifti ya jengo lile la mtaa wa Kaimakli ilikuwa mbovu tangu Juni. Ilikuwa saa tisa alasiri, mwezi wa Agosti, joto digrii arobaini na tatu, na Nikosia nzima imefunga madirisha na kulala.

Juu mlangoni alisimama Bi Theognosia, mama yake Loizos, kashika fremu kwa mikono miwili, ndani ya gauni jeusi alilovaa tangu alipofiwa na mume.

"Binti," aliita, "mbona unaondoka na chakula kiko mezani?"

Myrofora aliendelea kuteremka. Angefungua mdomo angelia, na alikuwa amechoka hata kwa hilo. Tangu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka la mikate, na miguu ilikuwa imemvimba hadi viatu vimeacha alama. Loizos alikuwa nyuma ya mama yake, bado na shati la buluu la udereva wa basi, lina ramani ya chumvi mgongoni. Yake alikuwa ameshayasema.

Alichosema kitafika mahali pake. Ila hawa wawili walikutana kwa sababu ya kikaangio hichohicho, kisanduku alichokuwa anateremka nacho.

Ilikuwa Novemba, miaka mitatu nyuma, kwenye duka la vyombo vya umeme, siku ile ya bei kushuka ambayo watu husukumana kama wanagawiwa bure. Vikaangio vya hewa vilikuwa vimeisha, kimebaki kimoja. Myrofora alilishika boksi upande huu. Loizos akalishika upande ule. Yeye mwanamke alikuwa na koti la rangi ya haradali na nywele kazibana kwa kalamu. Mwanamume alikuwa mrefu, kainama kidogo kama watu wanaokaa sana kwenye usukani, na macho yake yalikuwa na uchovu ambao haukuwa wa siku moja.

"Nimefika kwanza, kaka," Myrofora alisema.

"Umefika kwanza wapi? Mimi nimeshika juu."

"Juu kuna picha tu. Chombo kiko chini, na chini nimeshika mimi."

Watu walianza kucheka. Loizos akasema kwa sauti ya chini kwamba anakitaka kwa ajili ya mama yake. Mama ameanza kusahau, alisema. Mwezi uliopita kule kijijini aliwasha gesi akaenda kulisha kuku, pazia likashika moto. Yeye kamhamishia mjini, kaikata gesi nyumbani, na sasa anatafuta kitu kisicho na mwali, kinachojizima chenyewe.

Myrofora akaliachia boksi nusu. "Hayo ungeanza nayo," alisema. "Mimi ni uvivu tu wa kuosha sufuria."

Lakini Loizos naye aliona aibu, akaliachia kabisa. Wakabaki wanasukumiana. Mwisho Myrofora alilipa, akaandika namba yake nyuma ya risiti, akampa. Alimwambia wiki ijayo vitaletwa vingine. Na visipoletwa, ampigie aje achukue hiki.

Aliyepiga simu ni Myrofora, baada ya siku tatu. Pale dukani alikuwa amemfanya Loizos naye ataje namba yake.

"Nimekaanga halumi," alisema. "Imetoka kama kifutio cha shule."

Pale kisiwani jibini hii ya halumi ndiyo kila kitu, na mtu mzima kushindwa kuikaanga ni jambo la kuficha. Loizos alicheka kicheko cha kwanza kwa muda mrefu. Aliuliza kaikata unene gani. Alipoambiwa, akasema hiyo ni karatasi. Ikatwe unene wa kidole, aliagiza, ikaushwe kwa kitambaa maana maji ya chumvi ndiyo yanayoiharibu, isitiwe mafuta hata tone, digrii mia mbili, dakika nane, igeuzwe katikati.

"Na nani kakufundisha?"

"Mama. Ila yeye alikuwa anatumia makaa. Dakika nimekisia."

"Kwa hiyo unanifundisha kwa kukisia."

"Jaribu, halafu niambie, mwanafunzi wangu."

Akajaribu, akapiga tena. Imetoka na ukoko wa dhahabu nje, ndani laini, inalia kwenye meno inavyotakiwa. Wakaongea saa nzima, na kwenye halumi hawakurudi tena. Kufika Krismasi kisanduku kilikuwa kimehamia Kaimakli. Kufika Pasaka na nguo nyingi za Myrofora zilikuwa huko.

Mapenzi yao hayakuwa na mbio. Myrofora alitoka kazini saa nane mchana, Loizos saa tisa kasoro. Walikutana nyumbani kama askari wawili wanaopokezana lindo. Mmoja anaoga, mwingine anakata tikiti maji. Kisanduku kilipolia ting, halumi tayari, walikula watatu barazani, pazia limeshushwa, miguu ya Myrofora juu ya mapaja ya Loizos.

"Miguu gani hii, mpenzi. Ya tembo."

"Tembo anayekulisha. Kanda, acha maneno."

Bi Theognosia ndiye aliyekisimamia kile chombo. Alisahau ni mwezi gani, akasahau jina la Myrofora, akamwita binti wa kisanduku. Lakini halumi alikuwa ameitengeneza kwa mikono yake maisha yake yote, ameikunja na nanaa ndani maelfu ya mara, na vidole havikusahau. Alifungua droo, akaibonyeza, akasema bado dakika mbili. Na kweli zilikuwa mbili.

Jambo moja tu halikusemwa katika miaka mitatu. Loizos hakumuuliza Myrofora kama atakubali kuolewa naye. Kila mara alikuwa anangoja mama apate nafuu kidogo, na ule si ugonjwa wa kupata nafuu. Myrofora alikuwa na miaka thelathini na tisa. Hakuuliza, ila alihesabu.

Sasa habari ya mfungo. Bi Theognosia alikuwa na mdogo wake, Zenon. Agosti ya vita vya mwaka 1974, kisiwa kilipovamiwa, kijana alikuwa na miaka kumi na tisa. Akapanda lori la jeshi, hakurudi. Jina likaingia kwenye orodha ya waliopotea, likabaki humo. Dada yake akaweka nadhiri mbele ya picha ya Bikira Maria: siku kumi na nne za mfungo wa Agosti, kabla ya sikukuu yake ya tarehe kumi na tano, hatagusa nyama, yai, maziwa wala jibini, kila mwaka, mpaka Zenon arudi, awe mzima au awe mifupa. Wengi huanza mfungo huo na kuuacha siku ya tatu. Yeye alifunga mara arobaini na tisa bila kukosa hata siku moja.

Mwaka huu hakujua kwamba ni Agosti. Loizos ndiye aliyejua. Alimwambia Myrofora tarehe mosi kwamba mama akisahau, yeye atakumbuka kwa niaba yake. Akatoa jibini yote kwenye friji, akajaza zeituni, kunde na mchicha.

Bi Theognosia akavikataa. Siku ya tatu alisukuma sahani. Siku ya tano alikunywa maji tu na kula kipande cha mkate. Loizos alifoka, akabembeleza, akaenda kazini. Jumatano, tarehe saba, Myrofora alirudi mapema kumpokea zamu jirani aliyekuwa anamwangalia Bi Theognosia, akamkuta huyo mama amekaa mbele ya kisanduku kitupu, anakifungua na kukifunga.

"Halumi iko wapi, binti? Nina njaa."

Myrofora hakukurupuka. Alimpigia Padri Savvas wa kanisa lao, akamwelezea yote, na nadhiri. Padri akasema mgonjwa hafungi. Mpe anachokubali kula. Kuhusu nadhiri, alisema, mama yule ameitimiza mara arobaini na tisa, na kama kuna deni lolote lihamishiwe kwake yeye padri. Myrofora akateremka hadi duka la pembeni, akanunua halumi, akaikausha, akaikata unene wa kidole.

Loizos alipofungua mlango, mama yake alikuwa anakula kipande cha tatu. Mashavu yamepata rangi. Ameshika uma kama mtoto, anatabasamu.

Mtu mwingine angeona mama amekula. Loizos aliona miaka arobaini na tisa imelala kwenye sahani, imeumwa pembeni. Alikuwa ameendesha basi saa tisa mfululizo, kiyoyozi chake kibovu. Myrofora alianza kusema, "Ngoja nikuambie, nimempigia..." na yeye akamkata.

"Umemvunjia mama nadhiri yake. Hata wiki moja mbele huwezi kungoja? Ungejuaje wewe? Wewe si mtu wa nyumba hii."

Hayo ndiyo aliyoyasema. Habari ya padri Myrofora akaiacha hapohapo.

"Kweli," alisema taratibu. "Mimi si mtu wa nyumba hii. Asante kwa kunikumbusha."

Akachukua alichokuja nacho. Kisanduku kilikuwa bado cha moto.

Alhamisi Bi Theognosia hakula. Ijumaa alikwenda jikoni mara sita kutazama mahali pale kwenye meza palipobaki alama nyeupe ya kisanduku, akamuuliza mwanawe binti wa kisanduku amekwenda wapi. Loizos akaona bora kukiri kushindwa. Alipiga simu kwa Padri Savvas, aombe ushauri kuhusu nadhiri iliyovunjika.

"Haikuvunjika," padri alisema. "Nimeshamweleza mchumba wako Jumatano. Hakukuambia?"

Kwanza lilimchoma Loizos neno mchumba. Halafu mengine.

Jumamosi alikwenda kwenye duka la mikate. Lilikuwa limejaa, watu wananunua mikate ya zeituni na ya mchicha ya mfungo. Pale huwezi kusogea kaunta bila namba, akavuta karatasi kwenye mashine kama wengine. Themanini na tatu. Myrofora, kwenye aproni nyeupe na kofia ya karatasi, alimwona tangu namba sabini. Hakubadilisha uso.

"Themanini na tatu."

"Mimi."

"Mkate gani?"

"Nimeongea na Padri Savvas."

"Huo hatuna. Kuna wa zeituni, wa tahini."

"Mama hajala tangu ulipoondoka. Anakiulizia kisanduku."

Myrofora alipangusa kaunta iliyokuwa safi. "Kwa hiyo umefuata kisanduku. Kiko kwa dada yangu, nitakutumia na teksi."

"Kisanduku kaa nacho. Nimekufuata wewe."

"Mimi si mtu wa nyumba ile."

"Nilisema. Nilikuwa nimechoka, lakini uchovu haukunifundisha maneno, nilikuwa nayo. Miaka mitatu nakaa na wewe kama mtu anayengoja basi. Na basi naendesha mimi mwenyewe."

Bibi mmoja mwenye namba themanini na nne aliweka kikapu chini. "Mjibu, mwanangu," alisema. "Au mpe mkate aende. Mimi nina mguu mbaya."

"Ngoja nje," Myrofora alimwambia Loizos. "Natoka saa nane."

Alingoja dakika hamsini kwenye kivuli chembamba cha nguzo ya taa, akikifuata kila kiliposogea. Alipotoka, Myrofora alikuwa amevua kofia, nywele zimebaki na alama yake. Walitembea hatua chache bila kushikana.

"Sirudi kama mgeni, Loizos."

"Basi tukaandikishe ndoa. Jumatatu."

"Manispaa, katikati ya Agosti? Nani yuko kazini?"

"Basi Septemba."

"Septemba dada yangu hayupo."

"Oktoba. Mpenzi wangu, jua linatuua, sema Oktoba."

"Oktoba," alisema, na akampa mkoba wake aubebe.

Wakapitia kwa dada kuchukua kisanduku. Bi Theognosia aliusikia waya ukigonga ngazi kabla hajawaona. Aliikausha halumi kwa kitambaa kabla haijakatwa, ikaingia kwenye kisanduku, akaibonyeza, akasema bado dakika mbili. Chombo kilipolia alitoa vipande sita. Vitano akavigawa. Cha sita, chenye ukoko kuliko vyote, akakiweka kwenye kisahani peke yake, akakifunika kwa bakuli.

"Cha nani hicho, mama?" Loizos aliuliza.

"Cha Zenon. Anapenda iliyokauka."

Hakuna aliyekigusa. Loizos alikula vyake kichwa kimeinama, na Myrofora akaweka miguu yake iliyovimba juu ya mapaja yake, mahali pake pa siku zote.

Walioana Oktoba, manispaa, watu tisa. Bi Theognosia alimpongeza karani akidhani ndiye bibi harusi. Alifariki Februari, asubuhi, kitandani kwake. Zenon hajapatikana. Padri Savvas alihamishiwa parokia ya milimani. Loizos bado anaendesha basi, na sasa anavaa mkanda wa mgongo. Myrofora alifanyiwa upasuaji wa mishipa ya mguu wa kushoto, akarudi kaunta. Watoto hawakupata. Lifti ilitengenezwa Machi. Kikaangio cha hewa bado kipo, mpini wake umefungwa kwa waya. Kila mwaka, kuanzia tarehe mosi hadi kumi na nne Agosti, wawili hao hawakitumii kwa halumi. Wanakula zeituni na kunde. Tarehe kumi na tano wanakaanga vipande vitano, na kimoja zaidi.