Shamba la Minza na Nyayo za Tembo

Alfajiri ile Minza alitoka nje akidhani bado anaota. Ukungu ulikuwa umelala juu ya shamba lao huko Itilima, upande wa karibu na pori la akiba. Jana mahindi yalikuwa yamempita kimo. Leo hakuyaona.

Alitembea polepole kwenye tope mpaka akafika penye shimo la duara, limejaa maji ya mvua. Mbele kulikuwa na jingine, na jingine tena. Kila shimo lilikuwa na kipande cha mbingu ndani yake. Palikuwa pazuri ajabu. Kisha akatambua kwamba zile ni nyayo za tembo.

Ekari nne zote zilikuwa chini. Minza akakaa kwenye tope, akalia.

Mumewe, Masunga, alikuja akiswaga ng'ombe. Masunga alikuwa mtu wa ng'ombe kwelikweli. Ukimkosa nyumbani, mtafute zizini.

"Mama Nyanjige, maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Mahindi yamekufa. Acha hawa wale mabua, angalau wao washibe."

"Na sisi tutakula nini mwaka mzima?"

Masunga aliwageukia ng'ombe wake. "Tutauza ng'ombe. Mmoja. Labda wawili."

Alikuwa anaondoa miiba iliyoziba njia ya shambani, mara pikipiki ikasimama. Alikuwa Judica, bibi shamba wa kata, mzaliwa wa Upare, lakini alisalimia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, baba! Usiwaingize kwanza!"

"Mwangaluka. Kwani kuna nini? Shamba langu, ng'ombe wangu."

"Wakila mabua, wamekula na ushahidi. Afisa akija atakuta kwato na mavi ya ng'ombe. Atajuaje kama tembo walipita?"

"Afisa gani?" Minza aliuliza, akijifuta macho.

"Afisa wanyamapori, mama. Tembo wakiharibu mazao, serikali hutoa kifuta jasho. Siyo thamani ya mahindi yenu yote, nisiwadanganye. Wala fedha haziji kesho. Lakini kuomba ni haki yenu. Toeni taarifa leo kwa mtendaji wa kijiji, siku tatu zisipite. Sisi tutakuja kupima. Mpaka hapo msilime, msifyeke, msilishe."

"Hata bua moja?" aliuliza Masunga.

"Hata moja, baba."

Masunga alikwenda kwa mtendaji asubuhi ileile. Kisha, kwa siku mbili, alifanya jambo ambalo kijiji hakijapata kuliona. Alisimama na fimbo, akiwafukuza ng'ombe wake mwenyewe wasile mahindi yaliyovunjika. Wanyama walimlilia, naye aligeuza uso pembeni.

Jirani yao, Mahona, alipita akacheka mpaka akashika mbavu. "Masunga, siku hizi unalinda maiti?"

"Nalinda. Cheka tu."

Minza alimpelekea uji palepale alipokuwa amesimama. Alimpenda siku zile mbili kuliko siku ya harusi yao.

Siku ya tatu Judica alikuja na afisa wanyamapori. Walipima shamba, wakapiga picha za nyayo, wakajaza fomu. Masunga alitia sahihi, Minza akaitunza nakala kwenye sanduku la nguo.

"Haya, baba," alisema Judica. "Walete sasa."

Ng'ombe waliingia mbio. Baada ya wiki, familia ililima upya na kupanda dengu, maana Judica alisema dengu huridhika na unyevu uliobaki ardhini.

Miezi ilipita. Minza alikuwa karibu kusahau, kiangazi kikiwa kimekolea, fedha zilipofika. Hazikurudisha mavuno yote. Zilinunua magunia matatu ya mahindi, na dengu ikajazia palipopungua.

Jioni hiyo Minza alizamisha mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, akafumba macho. Punje zilikuwa za baridi na laini. Nje, ng'ombe wote walikuwa wanarudi zizini, na Masunga alikuwa akiwaita mmoja mmoja kwa majina yao. Hakuruka jina hata moja.