Katriji Iliyosemekana Imekufa

Mtaani walimwita Karani. Alikuwa karani wa ofisi kwa miaka kumi na minne, mpaka ofisi ilipopunguza watu na yeye akapunguzwa. Kazi iliondoka, jina likabaki.

Hakutoka mikono mitupu. Kwa malipo ya kuachishwa kazi alinunua kompyuta iliyotumika na printa ya leza. Akaviweka kwenye kona ya sebule, kati ya kochi na mlango wa jikoni. Watu wakaanza kuja. Huyu anataka barua ya kuomba kazi, yule anataka mkataba wa kupangisha chumba. Karani alichapa, akalipwa, siku zikaenda.

Katika nyumba ile hakuna kitu kilichokaa uchi. Mama mkwe wake alikuwa mfumaji, na kila kitu alikivalisha kitambaa. Redio ilikuwa na kitambaa chake, televisheni chake, hata jagi la maji lilivaa kofia. Printa nayo ilifumiwa koti jeupe lenye maua pembeni. Karani akimaliza kuchapa tu, mama mkwe huinuka na kuifunika, mashine ikiwa bado inahema.

Jumatatu moja mwalimu mkuu wa shule ya chekechea alimletea kazi kubwa. Vijitabu arobaini vya kujifunza kusoma, kila kimoja kurasa kumi na mbili.

"Navitaka Ijumaa saa nne asubuhi," alisema. "Vikitoka vizuri, kazi zetu zote za mwaka ni zako. Visipotoka vizuri, dada, usinilaumu. Wapo wengi wanaonipigia simu."

Karani alifurahi mpaka akasahau kula. Mume wake, fundi bomba, hakufurahi sana. Asubuhi ya Jumanne, akifunga mkoba wake wa spana, alisema:

"Mama watoto, nakwambia mapema. Mwezi huu hiyo mashine imeshatafuna katriji mbili za wino. Ikitafuna nyingine, naiuza. Haiwezekani tuilishe hiyo zaidi kuliko tunavyolisha watoto."

"Ukiiuza, nami nitafanya kazi gani?"

"Sijui. Lakini hii si kazi, ni kuchangia duka la watu."

Akaondoka. Maneno yale yalimchoma Karani, kwa sababu yalikuwa na ukweli ndani yake. Akawasha mashine, akaanza kuchapa. Kurasa ishirini zilitoka. Mbili zilikwama, akazivuta zikiwa zimekunjamana. Kisha katikati ya maandishi ukatokea mstari uliofifia, kutoka juu mpaka chini. Hapohapo kompyuta ikaandika: Wino umekaribia kwisha.

Aliacha kuchapa. Alichomoa katriji, akaitia kwenye mfuko, akashika njia kwenda dukani.

Muuzaji alikuwa mtu wa tai nyekundu na tabasamu la kila saa. Juu ya kaunta yake pameandikwa: Tunapokea katriji kuukuu, bure. Aliipokea katriji ya Karani, akaipima kwa mkono, akatikisa kichwa kama daktari aliyechelewa kuletewa mgonjwa.

"Hii imekufa, mama. Niachie hapa nikutupie, isikuchafulie nyumba."

Akaisukuma chini ya kaunta. Kisha akateremsha boksi kutoka kwenye rafu. "Chukua hii. Mpya kabisa."

Karani alilipa kwa pesa alizoweka kwa ajili ya viatu vya shule vya mwanawe.

Nyumbani alifungua boksi. Katriji ilikuwa imefutwa ikang'aa, imefungwa kwenye nailoni. Akaigeuza atafute mshale unaoonyesha upande wa kuingiza. Kwa chini, pembeni, akaona maandishi ya kalamu yaliyofutwa nusu. Ilikuwa tarehe.

Aliisogeza dirishani. Tarehe ile aliiandika yeye. Saba yenye kistari tumboni, mbili yenye mkia mrefu. Ofisi ilikuwa imemzoesha kuandika tarehe kwenye kila kitu anachokifungua, kuanzia faili mpaka kopo la maziwa. Katriji hii aliifungua mwezi uliopita. Wiki iliyopita aliipeleka kwa yule bwana wa tai, akaambiwa imekufa.

"Mama!" alipiga kelele. "Mama, nimeuziwa kitu changu mwenyewe!"

"Kitu gani?" mama mkwe aliuliza, sindano ya kufumia mkononi.

Karani aliigeukia mashine. Aliipachika katriji mashineni na kuchapa ukurasa mmoja. Ulitoka safi, mweusi tititi. Basi hapo ndipo damu ilipomchemka hasa. Ingetoka mbovu angesema nimepata hasara. Lakini ilikuwa nzima! Kumbe ilikuwa nzima tangu siku ile ilipopimwa kwa mkono na kutangazwa maiti! Mtu amechukua mali yake bure, ameipangusa vumbi, kisha akamuuzia tena huku akimwita mama. Na wizi wa namna hii hauhitaji kuruka ukuta. Unahitaji tai na tabasamu tu.

Kelele zake zilimshusha jirani wa ghorofa ya juu. Huyu alikuwa mwanamke wa kazi, fundi wa mashine za maofisini. Watu walimwita Bisibisi, maana hakuonekana kamwe bila bisibisi mfukoni. Siku hiyo alikuwa mapumzikoni.

"Vipi, nani kafa?" aliuliza mlangoni.

"Katriji!" Karani alijibu. "Imekufa, ikafufuka, ikauzwa!"

Akamweleza kisa chote. Bisibisi aliigeuza katriji, akaiona tarehe, akaguna.

"Dada, huyo amekuvisha miwani ya mbao. Ila nikuulize. Uliambiwaje na kompyuta? Wino umekwisha, au umekaribia kwisha?"

"Umekaribia."

"Basi mbona ukakimbilia dukani? Kompyuta haichungulii ndani ya katriji. Inakisia tu kwa kurasa ulizochapa, inakuonya mapema ujiandae. Wino wa printa ya leza ni unga. Ukikaa, unga hulala upande mmoja, na upande wa pili unachapa hafifu. Ndiyo huo mstari wako."

"Sasa nifanyeje?"

"Zima mashine. Toa katriji. Ishike kwa mikono miwili, iwe imelala, uitingishe taratibu kulia na kushoto. Mara tano, sita. Taratibu, dada, si kama unayetikisa chupa ya dawa ya kikohozi! Irudishe uendelee. Huenda ukapata mamia ya kurasa. Ukitingisha na maandishi bado yanafifia, hapo ndipo unaweza kusema imekwisha."

Karani aliketi kwenye mkono wa kochi. Alikuwa akikumbuka katriji zote alizowahi kuziacha chini ya kaunta ile. Hasira yake ilipata mtu wa pili wa kumwandama, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe. "Miaka kumi na minne ofisini," alisema, "na hakuna aliyeniambia neno hili!"

"Ofisini walionunua wino walikuwa wengine," alisema Bisibisi. Kisha akalishika lile koti jeupe. "Na hili?"

"Nimefuma mimi," alisema mama mkwe, uso umekunjwa.

"Ni zuri, mama, na kwa vumbi ni msaada mkubwa. Lakini naona mnaifunika ikiwa na moto. Ndani yake kuna sehemu inayochemka ili unga ugande kwenye karatasi. Joto hutoka kupitia matundu haya. Ukiyaziba, mashine inajipika yenyewe."

"Loo! Kwa hiyo mwizi ni mimi?"

"Hapana, mama! Izimwe kwanza, ipoe kabisa, ndipo uivalishe."

Mama mkwe alilichukua koti lake, akalikunja polepole mapajani. Alikuwa amekasirika, lakini hakujua amkasirikie nani.

Bisibisi hakuwa amemaliza. Aliingiza kidole kwenye rimu ya karatasi iliyokuwa wazi karibu na mlango wa jikoni. "Hizi zimekula mvuke wa birika. Karatasi yenye unyevu hujikunja, ikijikunja inakwama. Ziache ndani ya ganda lake, mahali pakavu." Akavuta trei. Ndani kulikuwa na karatasi zilizochapwa upande mmoja. Moja ilikuwa bado na pini ya stepla. Bisibisi aliichomoa pini na kuiinua machoni pa Karani.

"Na hii je?"

"Nilikuwa nabana matumizi," Karani alisema kwa sauti ndogo.

"Kubana gani huku! Ndani ya katriji kuna dramu, hiyo silinda inayong'aa. Pini hii ikipita inaikwaruza, na kila ukurasa utatoka na alama. Hapo utanunua katriji kweli, tena kwa haki. Dramu hata kidole usiiguse, wala usiiache kwenye mwanga. Ukitaka kubana, chapa pande mbili. Na karatasi za majaribio zichapie kwenye mpango wa kubana wino, upo humohumo kwenye kompyuta. Na usome kwenye kioo kabla ya kuchapa. Nyinyi mnachapa kwanza, mnasoma baadaye, mnakuta kosa, mnachapa tena."

Walizima printa, wakaing'oa waya, wakaiacha ipoe. Bisibisi akaonyesha jinsi ya kupangusa unga uliomwagika njiani, kwa kitambaa laini kikavu, bila tone la maji. Unga uliowabaki vidoleni waliunawa kwa maji baridi, kwa sababu maji ya moto huugandisha.

Karani alikausha mikono. Akaitoa ile katriji, akaifunga kwenye kitambaa cheusi, akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?" mama mkwe aliuliza.

"Kwa daktari wa katriji."

Dukani kulikuwa na wateja wanne. Karani hakupanga foleni. Aliiweka katriji juu ya kaunta, upande wa tarehe juu.

"Bwana, hii uliniambia ni mpya kabisa."

"Ndiyo, mama. Ina tatizo?"

"Haina tatizo hata kidogo. Tatizo lina tai. Soma hapo."

Muuzaji alisoma. Tabasamu lilimtoka.

"Hiyo ni alama ya kiwandani, mama."

"Kiwandani?" Karani alichukua kalamu ya kaunta, akaandika tarehe ileile kwenye karatasi, saba yenye kistari tumboni na mbili yenye mkia mrefu. Akawaonyesha wateja. "Ndugu zangu, hebu tazameni. Huyo wa kiwandani si ndiye mimi?"

Mzee mmoja mwenye miwani aliangalia, akaangalia tena. "Mwandiko ni mmoja," alisema. "Na mimi hapa nimeacha tatu mwaka huu."

"Mama, tuzungumze pembeni," muuzaji alinong'ona. "Nitakupa nyingine bure."

"Pembeni sizungumzi, na cha bure chako sikitaki. Nirudishie pesa zangu. Katriji hii ni yangu, na ile niliyokuachia asubuhi ni yangu pia. Itoe hapo chini. Itoe sasa hivi, maana hapa siondoki!"

Aliegemea kaunta kwa viwiko viwili. Muuzaji aliwatazama wateja, akaona hana wa kumtetea. Alizitoa pesa. Kisha akainama na kuitoa katriji ya asubuhi. Ilikuwa imeshafutwa vumbi.

Jioni ileile Karani aliipachika ile iliyosemekana imekufa asubuhi. Aliitingisha kwanza, kulia na kushoto, huku mama mkwe akimhesabia. Mstari uliofifia ukatoweka. Alichapa kurasa za upande wa kwanza, akazigeuza, akachapa za upande wa pili. Kila baada ya muda aliipumzisha mashine ipoe. Mume wake aliporudi alikuta pesa za viatu mezani na karatasi zimepangwa kochini. Akadhani imenunuliwa katriji nyingine, akauliza iko wapi.

"Haipo," Karani alijibu. "Leo tumekataa kuchangia duka la watu."

Fundi bomba alisimama akisikiliza kisa chote, spana mkononi. Ikabidi mama yake amzuie asiende dukani nayo. Neno la kuuza mashine hakulitaja tena.

Ijumaa, saa nne kasoro, Karani aliviweka vijitabu arobaini mezani kwa mwalimu mkuu. Mwalimu alifunua kimoja, akafunua kingine. Herufi zilikuwa nyeusi, safi, hakuna ukurasa uliokunjamana.

"Dada, kazi ya mwaka ni yako," alisema. "Wewe wino unanunua wapi? Maana sisi hapa ofisini katriji hazikai. Kila tukipeleka, bwana mmoja wa tai nyekundu anatuambia imekufa."

Karani aligeuka kuelekea mlangoni.

"Ya mwisho mmempelekea lini?"

"Leo asubuhi. Kwani vipi?"

"Chukua mkoba wako, mwalimu," alisema Karani, ameshafika mlangoni. "Twende tukaichukue kabla hajaitia kwenye boksi."