Mti wa Uzio wa Ruhuhu

"Elfu tano kwa mti mmoja, mama, na bado unakataa?"

"Hauuzwi, baba. Huo unatuzuilia mamba."

Yusto, rafiki yangu muuza samaki wa Makambako, alinisimulia mwenyewe, nami sipambi kitu. Pale mto Ruhuhu, karibu na Manda, wanawake huchota maji ndani ya uzio wa miti iliyochomekwa mtoni. Yusto alitaka mti wa kukazia kamba za mzigo. Mama Telesia, yule aliyemkatalia, alipojitwika ndoo akaondoka, Yusto aling'oa mmoja.

Siku ya tatu akapigiwa simu. Mama Telesia kachukuliwa na mamba, humo humo ndani ya uzio.

"Ukawaambia ulichofanya?" nilimfokea.

"Nilituma rambirambi."

Mti akauacha stoo kwake, Makambako, mbali na mto wowote. Juzi umeme ukakatika akiwa humo ndani, na stoo haina dirisha. Gizani akasikia ndoo ikizamishwa, maji yakiingia taratibu mpaka ikajaa. Akawasha tochi ya simu. Mti ulikuwa umesimama wima katikati ya sakafu ya saruji, umelowa mpaka usawa wa kiuno.

Nyuma ya Yusto mwanamke akasema, bila hasira:

"Baba, rudisha mti wetu."