Kikohozi cha Pikapu ya Sumaili

Sumaili alikuwa bado ameshika usukani. Roho ilikwisha kumtoka, lakini vidole vilikataa kuachia, na jandarma wawili walihangaika kuvifumbua huku wakitazama pembeni.

Treni ya mizigo ilikuwa imeigonga pikapu yake mlangoni, pale barabara ya bandarini inapokata reli, ikaisukuma mpaka majanini. Magunia ya mchele yalipasuka, na kuku wa mtaa mzima walikwisha kupata habari.

Inspekta Tshimanga alivua kofia. Miaka yote ya upelelezi hapa Kindu haikumfundisha kuizoea maiti ya kijana.

"Ulimuona?" alimuuliza mlinzi wa reli.

"Nilimuona, sitwayeni Inspekta. Gari ilianza kukohoa pale inapopanda. Ikarukaruka, ikazima juu ya chuma. Akapiga stata, ikakataa."

"Kwa nini hakutoka?"

"Alifikiri itawaka. Ile gari njo iliwalisha, yeye na mama yake."

Kabla ya adhuhuri mtu alikwisha kukamatwa. Treni ile ilibeba bia ya sherehe za chama, na bia ya chama ikichelewa, lazima mtu aende ndani. Wakubwa waliita tukio lile hujuma na wakataka jina. Soko zima likawapa: Kabasele, fundi wa magari, aliyegombana na marehemu jana yake tu.

Tshimanga alimkuta kashoti, mahabusu ya jandarma, mdomo umepasuka, jicho moja limefumba.

"Ulimwambia nini sokoni?"

"Nilimwambia ile gari itamuua siku moja."

"Ulijuaje?"

"Sikujua, chefu! Nilikasirika. Alinitukana mbele ya watu, ati naharibu moteri yake. Nilibadilisha buji zote. Nikasafisha platini. Gari inatoka kwangu inaenda muzuri, ikifika mulimani inasitasita, inakohoa. Anairudisha. Natengeneza. Inakohoa tena. Nikaona haya, njo nikasema vile."

"Kabureta uliifungua?"

Kabasele akainamisha kichwa. "Mara ya kwanza tu. Nikaona iko safi, sikurudia."

"Kesho wanakupeleka kwa mwendesha mashtaka. Wanasema uliua."

"Na weye unasema nini?"

"Mimi bado sijaiuliza gari."

Hakuwa anatania. Alikuwa ameendesha jipu kuukuu ya ofisi yake kwa muda mrefu, na jipu ile ilikuwa imemlaza porini mara nyingi kiasi cha kumfundisha ufundi kwa lazima. Alirudi relini, akafunua boneti. Mbele pikapu ilikuwa nzima.

Alianza na moto, yaani umeme wa kuwashia. Akachomoa buji moja, plagi ya cheche, akailaza juu ya chuma, akamwambia jandarma azungushe moteri. Cheche ikaruka, ya buluu, kali. Akajaribu ya pili, na zote zilizobaki. Nyaya zilikuwa nzima, platini safi. Basi Kabasele hakusema uongo, na ugonjwa haukuwa kwenye moto. Ulikuwa kwenye petroli.

Akafungua kabureta, akamimina kilichokuwamo katika chupa nyeupe. Akaiinua juani.

Petroli ilielea juu. Chini yake kulikuwa na maji.

Hapo kikohozi chote kikamwelea. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kabisa ya tanki. Barabara ikiwa tambarare gari huenda bila taabu. Ikipanda, maji husogea, huvutwa mpaka kwenye moteri, nayo husitasita na kukata. Na reli ile imeinuliwa juu ya tuta. Akalifungua tanki lenyewe kutoka chini, na maji yakatoka mengi.

Yalikuwa ya manjano. Hilo lilimshangaza. Alipoyanusa, nyuma ya ukali wa petroli alisikia harufu ya waridi.

Mvua ilikuwa haijanyesha muda mrefu. Akaenda kwa muuzaji aliyemjazia Sumaili, akavuta petroli ya chini kabisa ya pipa lake. Ilikuwa safi. Kwa hiyo kuna mkono wa mtu. Mtu huyo aliifikiaje gari isiyolala popote ila uani kwa mama yake Sumaili?

Akatia chupa mfukoni mwa koti lake la abakosti, akaenda msibani. Wanawake walijaa kwenye mikeka, vilio vinapokezana. Mama Mwanahamisi, mzazi wa marehemu, alimfuata nyuma ya nyumba, akijikongoja.

"Pole, mama."

"Asante, baba."

"Gari ikilala hapa, nani anaikaribia?"

"Hakuna. Sumaili na miye."

"Kuna muntu alimuchukia? Muntu alitia maji ndani ya tanki. Tazama."

Mwanahamisi aliipokea chupa. Akaigeuza kwenye mwanga, akainusa.

"Hii njo kombe," alisema.

"Kombe?" Tshimanga, Mkristo wa Kasai, hakuwahi kulisikia neno hilo.

"Mwalimu anaandika aya juu ya sahani kwa zafarani, anaosha kwa maji ya waridi. Mugonjwa anakunywa. Inamulinda."

"Na ndani ya gari?"

"Mwalimu hakuniambia. Ilitoka kichwani mwangu." Akamrudishia chupa. "Baba yake Sumaili alikufa ndani ya gari, njia ya Lubutu. Huyu njo alinibakia. Nikasema, kama inalinda muntu, italinda na gari yake. Akienda musikitini, natia kidogo."

"Mara moja?"

"Kwanza mara moja. Kisha gari ikaanza kukohoa. Nikasema kuna jicho la hasidi, nikaongeza. Ikakohoa zaidi. Nikaongeza tena. Leo alikuwa anaenda Lubutu, nikamwaga sahani nzima."

Tshimanga alitamani aondoke bila kusikia hayo. Katika kazi yake alikuwa amewaona watu waliokana huku damu ingali mikononi. Huyu alikuwa anakiri mapenzi.

"Maji kidogo vile, mama..." alianza.

"Usinidanganye. Soko inasema fundi. Wamemukamata?"

"Iko kashoti."

"Wamemupiga?"

"Wamemupiga. Na hata akitoka, vijana wa hapa wanasema watamumaliza."

"Yule fundi iko na mama?"

"Iko naye, kule Kananga."

"Basi andika jina langu."

Tshimanga aliandika maelezo yake. Maneno ya kisheria hayakumjia, akaandika kama alivyoelezwa. Mwanahamisi akaweka dole gumba, akalitazama lilivyochafuka wino, kisha akauliza:

"Kama leo singemwaga, angefika?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni mwa Tshimanga, uongo wa huruma ambao mtu yeyote angemsamehe. Lakini mama huyu alikuwa ametoka kumwokoa mtoto wa mwenzake kwa ukweli ambao hakuna aliyemlazimisha autoe. Akaona aibu kumlipa kwa uongo.

"Angefika, mama."

Mwanahamisi hakulia. Alijifunga upya kikwembe chake, akatoka mpaka uani, akasimama katikati ya mikeka. Akawaomba wanawake wanyamaze, na vijana waliosimama kwenye ua wasogee.

"Yule fundi muachilieni," alisema. "Miye njo nilimuua mutoto yangu."